Malezi ya Ng'ambo ya Ua

Mbwa tulimpata kijiji cha Mkongo, kwa shemeji yangu, anayefuga mbwa wa kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Alikuwa jike, mwekundu, bado ananuka maziwa. Mimi nafundisha sekondari hapa Kibiti, na mume wangu anafanya kazi zahanati huko Mbwera, hurudi mwisho wa wiki. Kwa hiyo tangu asubuhi mpaka alasiri kitoto kile kilibaki peke yake uani.

Kililia kutwa. Nikirudi nakikuta kimejibana nyuma ya pipa la maji, kinatetemeka hata kwa mlio wa bodaboda. Mtu akipiga hodi, kinajikojolea.

Jirani yangu ni mama mtu mzima anayepika vitumbua barazani kwake. Ni mtu wa swala tano, na mbwa hamgusi. Aliponiita, nilijua nakwenda kusemwa. Nikamwamkia, nikaanza kuomba radhi kwa kelele. Akanikatiza.

"Kelele si kitu, mwanangu. Yule analia upweke. Mfunge karibu na ua wangu, awe ananiona. Kumgusa simgusi, ila kusema naye nitasema."

Basi kila asubuhi nikawa namfunga kamba ndefu kivulini, penye ua wa makuti uliochakaa hata watu wanaonana, namwachia maji, naenda shule. Jirani akikoroga unga humsimulia habari za wajukuu. Wateja nao walifundishwa wasimkodolee macho, wachuchumae, wamrushie kipande. Hayo niliyasikia kwa dereva mmoja wa bodaboda, aliyenilalamikia kwamba siku hizi hapewi kitumbua mpaka kwanza amsalimie mbwa.

Masika yalipoanza, pipa alikuwa keshalisahau. Siku moja, nikiwa ndiyo kwanza narudi, muuza mkaa aliangusha gunia langoni kwetu kwa kishindo. Mbwa aliruka, akageukia ua wa jirani. Sauti ya ng'ambo ikamwambia taratibu kwamba ni mkaa tu. Akatulia kidogo, kisha akaenda mwenyewe kulinusa lile gunia. Nilisimama na mkoba begani, nikicheka peke yangu.

Wiki iliyopita jirani aliniuliza kama tutamzalisha. Ana shamba la mpunga Mohoro, na nguruwe wanamtesa.

"Akizaa, mmoja wangu," alisema. "Wa shambani. Awe na tabia kama ya mama yake."

Nikamwambia atachagua yeye kwanza, kabla hata ya shemeji yangu.