Fungu la Baba

Nilipokuwa mtoto pale Ruwi, huku nchi za Waarabu, tonge la wali likinidondoka nilikuwa nalia. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, alinifundisha kwamba tonge likikuponyoka, mtu wako aliye mbali ana njaa. Mama alikwisha kufariki, na mtu wangu wa mbali alikuwa mmoja tu: baba, aliyekwenda Malta kikazi akaniacha kwa mama yake.

Kwenye simu baba alilalamika kila mara kwamba huko anaishi kwa chai na mkate. Basi tonge likianguka nilijinyima. Nilimega chakula changu nikakisogeza pembeni mwa sinia, kiwe fungu la baba, na Bibi akanisifu. Hata halwa niliiacha. Nililala na njaa nikiona raha, maana niliamini njaa yangu inamshibisha yeye. Nikikumbuka najionea huruma, na hasira zinanipanda.

Idi moja, ami yangu, mdogo wake baba, alikuja kula kwetu. Nikachukua simu yake nitazame picha, ikafunguka video kutoka Malta. Ilikuwa jioni, meza zimepangwa uwanjani, waimbaji wawili wanajibizana kwa mashairi ya papo kwa papo huku magitaa yakiwafuata na watu wakicheka. Mezani palikuwa na sungura wa mchuzi mzito, sambusa za jibini na soda yao chungu ya machungwa. Baba amenenepa. Amempakata mtoto wa kike, anachovya mkate kwenye mchuzi na kumlisha.

Ami alininyang'anya simu. Nikamwuliza Bibi kama anamjua yule mtoto.

"Namjua. Nduguyo yule," akasema, bila kuniangalia.

"Sasa mbona ukinambia baba ana njaa?"

"Skutaka umchukie mwanangu."

Baba nilimsamehe, ingawa hakuniomba. Kwangu alikuwa sauti ya simu tu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Bibi ndiye aliyeniogesha na kunisuka nywele, na ndiye aliyenitazama nikienda kulala na njaa huku akijua kila kitu.

Leo naishi na Bibi mtaa wa Al Khuwair. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo namlisha mimi, na simpunji hata kijiko. Nampenda, Mungu anajua. Ila tangu Idi ile nafahamu kwamba katika nyumba yetu mtoto alikuwa mmoja tu, baba yangu, naye alikuwa Malta.