Kizito na Mto Lwakhakha

Kwa miaka yote aliyoongoza ndege kwa redio kutoka Nairobi, Kizito hakuruhusu hata moja ivuke mpaka kabla ng'ambo hawajaikubali. Ndege ikikaribia Uganda alipiga simu Entebbe, akaitaja, akangoja mwenzake wa kule aseme anaipokea. Hapo tu ndipo alipomuaga rubani. Wenzake walimtania kwamba kama angeweza, hata kunguru wangemwomba ruhusa. Alicheka, lakini hakubadilika, na nani amlaumu? Angani mtu hukosea mara moja tu.

Ajabu ni kwamba huyo huyo ndiye aliyepigania mpango wa kuunganisha anga ya juu ya Afrika Mashariki. Alistaafu, akajenga Kitale, akapanda mahindi kama kila mtu, na bado walimwita mikutanoni. Kila mara alisema lile lile: mawingu hayana bendera, anga iwe chini ya utaratibu mmoja, ndege isiulizwe tena mpakani. Wakubwa walitikisa vichwa, wakanywa chai, wakapanga mkutano mwingine. Haraka haraka haina baraka, waliambiana, na miaka ikapita.

Kisha ikaja korona, mpaka ukafungwa, na dada yake Peris akafa.

Peris alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda, kwa Wamasaba, watu ambao Wabukusu kama Kizito husikilizana nao bila mkalimani. Ndiye aliyembeba Kizito mgongoni huko Myanga walikozaliwa, akimnyamazisha kila alipolia. Na kwao binti wa watu hazikwi kabla kaka yake hajamwona uso. Basi wakwe wakaacha jeneza wazi, wakamngoja.

Alifika mtoni asubuhi pamoja na mama yao, Wilkista. Polisi wa darajani alikuwa kijana mpole.

"Pole sana mzee, lakini mpaka imefungwa. Ni malori tu inapita."

"Ni dada yangu."

"Najua. Si uongee na wakubwa?"

Kizito akaongea na wakubwa. Akapiga simu upande huu, akapiga ng'ambo, na kila aliyepokea alimwambia angoje. Chini kidogo ya daraja watu walikuwa wakivuka majini, wengine na kreti za soda kichwani, na yule kijana aligeuza uso makusudi ili asiwaone. Wilkista akavua viatu.

"Papa, twende," akasema, akimwita baba kama mama wa Kibukusu amwitavyo mwanawe. "Dada yako anangoja."

"Mayi, hawajatukubalia."

"Nani?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ni Peris," mama akasema. "Na yeye alishakubali."

Kizito alibaki na simu mkononi. Moyo wake ulikuwa umevuka kitambo, lakini miguu ilikataa. Mazoea yana taabu, bwana, hayajui leo ni kilio. Mama alikunja nguo hadi magotini, akaingia majini peke yake, akatokea upande wa pili ameloa mpaka kiunoni. Hakugeuka nyuma.

Juu kabisa ndege ilipita ikielekea magharibi. Kizito aliitazama, akajua kwamba Nairobi kuna mtu anaiombea njia, na Entebbe kuna mtu anasema imekubaliwa. Ilivuka kabla hajamaliza kufikiri. Akalia, mtu mzima yule, mbele ya polisi.

Ruhusa haikuja. Mama aliporudi jioni, alimkuta palepale, ameshika viatu vyake.

"Waliacha wazi mpaka jua likaisha nguvu," alisema. "Mtu akitokea tu njiani, ati ni wewe. Mwishowe mimi ndiye nilimfunika."

Akachukua viatu, akavaa, wakarudi Myanga.

Bado wanamwita kwenye mikutano ya anga. Hajaenda tena. Anasema wapo vijana wanaoyajua hayo mambo kumliko.

Mpaka ulipofunguliwa, Kizito alipita darajani na kitambulisho mkononi, amekiandaa tangu Kitale. Hakuna aliyemwuliza chochote. Kwenye kaburi la Peris majani yalikuwa yamefika magotini. Alipiga magoti, akaanza kuyang'oa huku akilia na kumwomba radhi, na Peris, aliyezoea kumnyamazisha, hakumnyamazisha.