Nilimwambia Mzee wa Bute Mwanawe Amepatikana

Niliharibu maisha ya mwanamke mmoja kwa neno moja, na nililitamka huku nikijua kwamba sijui. Nianze hapo, nisije nikajipamba. Sikulazimishwa na mtu. Sikuwa mtoto. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekaa kwenye kiti, feni inazunguka, watu wananisubiri.

Jina langu sitalitaja. Garissa tunajuana.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nilikuwa nimetoka kusomea kompyuta Nairobi, nikarudi nyumbani na kiburi kisichopita mlangoni. Msichana wa kwanza mtaani kwetu kujua mambo hayo! Shirika moja la misaada likanipa kazi. Enzi hizo watu wengi walikuwa wamepotelea ng'ambo ya mpaka kwa sababu ya vita, na shirika lilikuwa na ukurasa kwenye mtandao wenye majina yao. Jamaa zao wakija kuuliza, mimi nafungua ukurasa, natafuta jina, nawasomea. Upande wa kushoto jina la mtu na kwao. Upande wa kulia kabisa, neno moja kwa Kiingereza, nami nawatafsiria. Anatafutwa. Amepatikana. Amefariki.

Mkubwa wangu alikuwa Mutua, mtu wa Kitui, mpole lakini mkali kwa kazi. Siku ya kwanza aliniambia, "Dada, hii mashine usiiongezee kitu bila kuniambia. Na ukiona kitu hukielewi, usibahatishe. Redio ile pale. Piga Nairobi, wakusomee wao."

Nikamwitikia. Moyoni nikasema, huyu anadhani mimi ni mshamba.

Mutua akaenda likizo, akafunga ofisi yake na kompyuta yake ndani. Wiki hiyohiyo dereva wetu akaniletea kutoka Nairobi jarida la kompyuta lenye sidii ndani. Kwenye sidii kulikuwa na brauza mpya, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Yetu ilikuwa ya zamani, nzito, sura mbaya. Nilisema kimoyomoyo, Mutua akirudi atashangaa! Nikaiweka. Asubuhi nzima nilikuwa nikibonyeza "ndiyo" na "endelea" kama mtu anayefungua zawadi.

Ilipokwisha, nikafungua ule ukurasa wa majina.

Yarabi! Nembo ya shirika ilikuwa imelalia maandishi. Mistari imepandana. Majina yalikuwa mahali pake, lakini safu ya mwisho, ile ya neno moja, ilikuwa imeteleza. Maneno hayakutazamana tena na majina. Yalikaa kwenye nafasi, kati ya mtu na mtu. Miaka mingi baadaye kijana mmoja alinieleza kwamba kurasa zile zilitengenezwa kwa kufuata brauza za zamani, na hiyo mpya ilizipanga kivyake. Siku ile sikujua hilo. Nilijua tu kwamba nimeharibu.

Nilijaribu kuirudisha ile ya zamani. Ikakataa. Nikazima mashine, nikawasha. Vilevile.

Redio ilikuwa nyuma yangu mezani. Ningegeuka tu! Lakini nilijua wataniuliza: kwa nini wewe huoni? Nani alikuruhusu? Nikaogopa kufukuzwa. Nikaogopa zaidi kuchekwa.

Kwa bahati mbaya siku hiyo ilikuwa ya soko la mifugo, na watu walioleta ng'ombe walikuwa wanapitia kwetu kuuliza habari za watu wao. Akaingia mzee mmoja na bakora yake, ndevu zimetiwa hina, viatu vina vumbi la safari. Nyuma yake mwanamke mdogo, mrefu, mtandio wa kahawia. Hakukaa. Alisimama ameshika fremu ya mlango.

"Salaam aleikum, binti yangu."

"Aleikum salaam, adeer. Karibu." Adeer, yaani ami, ndivyo Wasomali wanavyomwita mzee. Mimi ni mtu wa kando ya mto, si Msomali, Mwislamu kama wao, lakini Kisomali changu ni cha kuulizia bei tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili.

"Mimi natoka Bute. Jina yangu Issack. Natafuta kijana yangu, Yunis. Alienda na lori ng'ambo. Miaka mbili sasa. Huyu ni bibi yake, Shukri."

"Ana alama ya moto hapa," yule mwanamke akasema, akijigusa kifundo cha mkono. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha shule. "Labda imeandikwa."

Nilimtafuta Yunis. Nilimpata. Juu kidogo ya jina lake, upande wa kulia, palikuwa na neno "amepatikana". Chini kidogo, "amefariki". Jina lake lilikuwa katikati, halitazamani na lolote.

Nilisogeza uso karibu na kioo. Nilipima kwa kidole. Nikainua macho nikamwona Shukri ananitazama mdomo, si macho, mdomo, anangoja ufunguke.

Nikachagua.

"Amepatikana," nikasema.

Mzee akasimama. "Amebatikana?" akauliza kwa lafudhi ya kwao, pe ikigeuka be.

"Amepatikana, adeer."

"Sema tena."

"Amepatikana!"

Bakora ilianguka. Mzee Issack akasujudu palepale kwenye sakafu ya simiti, kati ya dawati langu na kabati. Watu waliokuwa barazani wakaingia wakiuliza kuna nini, wakaanza kusema alhamdulillahi. Shukri hakulia. Alicheka, akajiziba mdomo kwa mtandio kama aliyeona haya, halafu akaja akanikumbatia. Alinukia uvumba. Mpaka leo nikisikia harufu ile naondoka mahali.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Watamleta. Mambo haya huchukua muda." Nani aliniambia hayo? Hakuna! Yalitoka tu, laini, kana kwamba nimeyasoma.

Mutua aliporudi, nilingoja atoke kwenda chai, nikaingia ofisini kwake. Kompyuta yake ilikuwa bado na brauza ile ya zamani. Nikafungua ukurasa uleule. Ukaja umenyooka, safi, kila neno limekaa mbele ya mwenyewe.

Yunis Issack, wa Bute. Amefariki. Na chini yake kwa herufi ndogo, jina la kijiji alikozikwa.

Sikumbuki nilitokaje mle ndani. Nakumbuka Mutua akiniuliza, "Kulikuwa na shida yoyote nilipokuwa nyumbani?"

"Hakuna."

Jioni hiyo aliikuta mashine yangu na ule ukurasa uliovurugika. Nilimwambia kila aliyekuja nilimrudisha bila kumsomea, na ilikuwa kweli kwa wote ila mzee Issack. Alinigombeza, akairudisha ya zamani kwa sidii yake, halafu hasira ikamshuka. Akacheka. "Bahati yako hukumsomea mtu."

Na mimi nikacheka naye! Ndugu zangu, nilicheka.

Ningeweza kutuma habari siku ile. Magari ya Wajir yalikuwepo, na kutoka Wajir mtu hufika Bute. Nilijiambia nitangoja mzee aje mwenyewe, nimweleze uso kwa uso kwa heshima. Uongo mwingine.

Alikuja baada ya mvua, akivuta mbuzi mweupe kwa kamba.

"Hii ni yako," akasema. "Mdomo yako ilileta heri kwangu."

Mutua alikuwa safarini. Nilikuwa peke yangu na mzee na yule mbuzi. Maneno yalikuwa tayari kooni. Nikafungua mdomo, nikasema, "Adeer, wamemhamishia kambi ya mbali kidogo. Karatasi zake hazijawa tayari."

"Haidhuru. Kama yuko hai, haidhuru. Nitangoja."

Mbuzi tulimla nyumbani. Mama alifurahi, akasema kazi yangu ina baraka.

Mzee alirudi tena na tena. Kila mara nilikuwa na jambo la kumwambia. Kisha shirika likafunga ofisi yake Garissa, Mutua akapelekwa kwingine, mimi nikaolewa na kufungua duka la nguo mtaani Galbet, hapohapo Garissa. Nikadhani yameisha. Mzee hatakuwa na mlango wa kugonga. Atakata tamaa mwenyewe, kama watu wengine.

Hakukata tamaa. Habari zilinifuata. Wafanyabiashara wa kule walikuja kununua kwangu kwa jumla, nami nawauliza kama mtu anayeulizia tu. Wakanisimulia. Kwamba kuna mzee Bute amemjengea mwanawe nyumba ya mabati na hakai mtu ndani. Kwamba wazazi wa vijana wengine wa lile lori walikusanyika, wakawaswalia watoto wao swala ya maiti aliye mbali, wakasoma Kurani, wakapoa. Mzee Issack aliondoka kwa hasira. "Wangu msimtaje. Wangu yuko hai." Wote wa lori lile wakaswaliwa isipokuwa mmoja.

Na mke wake? Ndugu wa Yunis alitaka kumwoa, kama ilivyo desturi yao. Mzee akakataa: mke wa mtu aliye hai haolewi. Wakaja wachumba wengine, mmoja mwalimu, mtu mzuri. Shukri mwenyewe akawakataa. Akawa anafagia ile nyumba ya mabati kila asubuhi.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipokwisha.

Yunis alianza kuingia dukani kwangu. Simaanishi jini. Namaanisha kila mteja kijana anyooshaye mkono kupokea kitambaa, mimi namtazama kifundo, natafuta alama ya moto. Msikitini, imamu akisema tusimame tumswalie aliye mbali, magoti yalikataa kunyooka. Wanawake wenzangu wakadhani nina ugonjwa wa mifupa. Siku moja mtoto wa jirani alipotea sokoni, alipoonekana mama mmoja akapiga kelele barabara nzima, "Amebatikana! Amebatikana!" Nilianguka juu ya majora ya vitambaa. Mume wangu alinipeleka hospitali. Daktari akasema presha.

Mume wangu sijamwambia. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Kisha nikasikia mzee amekufa. Mtu aliyeniletea habari alisema siku zake za mwisho alikuwa akigeuza uso mlangoni kila gari likinguruma. Aliusia ngamia wa Yunis wasiuzwe.

Nilimdanganya mume wangu kwamba naenda kumwona mgonjwa Wajir. Nikapita Wajir, nikafika Bute mchana, jua limewaka. Nilimwuliza wa kwanza niliyemwona, akanionyesha nyumba ya mabati. Ilikuwa imeanza kushika kutu. Shukri alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta akisafisha vibuyu vya maziwa. Uso umekauka, mabega yameinama. Nilimjua kwa ule urefu tu.

Na yeye alinijua.

"Wewe," akasema. "Wewe ni dada wa kompyuta."

Akaruka akasimama, kibuyu kikaanguka. Na uso wake, Mungu wangu, uso wake ukarudiwa na ujana wote kwa mara moja. "Amefika? Uko naye?" Akatazama nyuma yangu barabarani.

Sikujua kama mtu anaweza kuumia namna ile na asife. Nilishika ukuta wa mabati, ukaniunguza, sikuuachia.

"Shukri, abaayo, dada yangu, Yunis alikufa. Alikuwa amekufa tangu siku ile mlipokuja. Ukurasa ulikuwa umevurugika. Mimi ndiye niliyeuvuruga. Sikuona sawasawa, nikasema tu."

Kuku alipita kati yetu.

"Kulikuwa na neno lingine?" akauliza.

"Lilikuwepo."

"Ukaliona?"

"Nililiona."

"Na baadaye ukajua kabisa?"

"Nilijua. Kabla hata mzee hajaniletea mbuzi."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi anayefuata hesabu ubaoni. "Walimzika wapi?"

Nikamtajia kile kijiji. Akalirudia jina lake kwa sauti ndogo, mara kadhaa, lisimpotee.

Nikapiga magoti. Nikaanza kusema nisamehe, kwa ajili ya Mungu nisamehe, na yeye akaninyamazisha kwa kiganja.

"Usiniombe kitu leo," akasema. "Leo nina msiba."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa nguo nyeupe, ile wanayovaa wajane wa kule. Wanawake wa jirani walimwona kwa mbali, wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaanza kuja mmojammoja bila kuuliza. Walinipita nikiwa nimepiga magoti mavumbini. Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi wangenitukana.

Baada ya alasiri wanaume walipanga safu nje ya msikiti, wakamswalia Yunis. Nilisikia takbira nikiwa nimekaa juu ya gunia kando ya barabara, nikingoja gari la kurudi.

Nimetuma watu kwake zaidi ya mara moja. Hajibu. Nimesikia hajaolewa, na ndugu zake wanasema haongei sana. Simlaumu. Msamaha ni wake, na kama hataki kuutoa, si wangu kuudai.

Basi wewe uliye kazini mahali watu wanakuja na roho zao mkononi, iwe kaunta, zahanati, au mbele ya hizo mashine zenu mpya zinazobadilika kila siku: usione aibu kusema sijui. Usimwonee mtu huruma kwa uongo! Utachekwa asubuhi, jioni watakuwa wamesahau. Mimi niliogopa kuchekwa, na mwanamke akafagia nyumba tupu mpaka ujana ukamwisha.

Kama kuna mtu alikusubiri umwambie kweli na hukumwambia, na bado yuko hai, funga duka uende leo.