Mpaka wa Samaki na Mpaka wa Watu

Nilitoka Tunduma kwa mabasi matatu, siku mbili na nusu, nikashukia Usagara miguu imevimba. Nilikuwa nikihamahama tangu nimalize kidato cha nne, na sasa nimevuka arobaini nilitaka kukaa mahali. Kijiji kimoja kando ya mto unaoingia ziwani kikanigawia shamba la mpunga, kwenye kona ambako mto ulizunguka nusura ukutane na wenyewe. Nikajenga kibanda. Kuingia shambani nilipita shingo ya ardhi yenye upana wa hatua kumi na mbili.

Kila masika nilizihesabu. Zikawa tisa, zikawa sita. Jiografia ya shule haikunipa kazi, lakini ilinifundisha kwamba maji hukimbia upande wa nje wa kona na kuula ukingo, hadi siku mto unakata shingo na kushika njia fupi. Kona ya zamani huzibwa na mchanga huku na huku, ikabaki kiziwa chenye umbo la mundu.

Nilikwenda kumweleza mwenyekiti wa kijiji kikaoni.

"Shikamoo mzee. Mto utahama."

"Marahaba. Mto huu babu yangu aliukuta hapa. Anayehama ni wewe."

Wajumbe walicheka mpaka kikao kikaahirishwa.

Masika yaliyofuata, baada ya mvua ya siku nne, shingo haikuwepo tena. Mto ulipita nyuma ya kibanda changu, na kona yangu ikaja kuwa kiziwa kilichojaa kambale. Mpunga ulisimama vizuri. Nilichohitaji ni barua tu, kwamba shamba bado ni langu.

"Mpaka ni mto," alisema mwenyekiti. "Uko ng'ambo. Waone wenzako."

Mwenyekiti wa kijiji cha ng'ambo alisimama upande wa pili wa kiziwa. "Kati yetu kuna maji, ndugu yangu. Sisi hatujahama."

Kuhusu kambale hawakusumbuana. Waliunda kamati, wakakigawa kiziwa katikati. Nikauliza inakuwaje kiziwa ni cha wote, mimi si wa yeyote.

"Mgeni," mwenyekiti wangu wa zamani alisema kwa upole, "mpaka wa samaki ni kitu kimoja, mpaka wa watu ni kingine."

Kisha kamati ikahitaji mahali pa kuanikia samaki, pakavu, karibu na maji. Palikuwa shambani kwangu. Waliniacha nivune kwanza, nawashukuru.

Siku ya kuondoka mwenyekiti mwenyewe alinisaidia kuvusha gunia la mwisho. "Si nilikuambia," akasema, akijipangusa tope, "anayehama ni wewe."

Nikashika njia ya kivuko cha Sengerema.