Sahani Mbili za Baba

Harufu ya mchuzi mzito wa nyama, ule wa vitunguu vilivyoachwa vikaungua kidogo, ikichanganyika na ya bia iliyomwagikia zulia, nikikutana nayo hata leo mlangoni mwa baa, miguu yangu husita. Wenzangu wa kazini hudhani nachagua. Kumbe nina miaka kumi tena, nimevaa koti la kanisani, na baba yangu amenishika mkono, ananiuliza, "Tujaribu hii?"

Tulikuwa tumehamia mtaa wa Don Mills, huku ughaibuni, mwezi wa Septemba. Tulitoka Lawrence Heights, mtaa mwingine wa jiji hilo hilo, ambako niliacha marafiki wote niliokuwa nao duniani, yaani watatu. Wazazi wangu ni Wagoa, Wakatoliki wa asili ya Kihindi, waliozaliwa Dar es Salaam. Nyumbani walisema nami Kiswahili, nami niliwajibu kwa Kiingereza, nikiona ndiyo ujanja. Baba alikuwa karani wa bima, mtu wa suruali zilizopigwa pasi hata siku ya mapumziko. Mama alihudumia wazee katika makao yao, na tulipohama alipangiwa zamu ya Jumapili kutwa nzima. Chakula chetu cha mchana cha Jumapili, nyama ya kuoka aliyoilaza kwenye siki na pilipili manga tangu Jumamosi, kikafa hivyo hivyo.

"Tutaujuaje mtaa tukikaa ndani?" akasema Baba. Basi kila tulipotoka misani tukaenda kutafuta baa zenye kuuza nyama ya kuoka ya Jumapili, kama wanavyokula Waingereza. Ile ya kwanza ilikuwa na dari jeusi na picha za farasi. Ya pili ilikuwa na televisheni tatu, zote za mpira wa magongo, na wanaume waliopiga kelele hata kwenye matangazo. Mvua ilinyesha karibu kila Jumapili, na kupitia vioo tuliona maegesho ya magari yakimetameta kwa maji, bila mtu.

Kila mara Baba aliagiza sahani mbili. Ya kwake aliikatakata vipande vidogo kama maharage. Alitafuna kimoja muda mrefu sana, akanywa maji, akakohoa ndani ya leso, kisha akanisogezea sahani. "Wameikausha," alisema. Au, "Ngumu hii. Kula wewe, mama. Wiki ijayo tutajaribu pengine." Nami nilikula zote mbili, pamoja na andazi lao lisilo na sukari, lililobonyea katikati likajaa mchuzi. Kufika Novemba kifungo cha sketi yangu kilikuwa kimeruka kanisani na kubingirika mpaka chini ya benchi la mbele. Baba naye aliutoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari. Nilimwonea fahari, maana siku zote alikilalamikia kitambi chake.

Baa ya nne ndiyo nisiyoisahau. Mhudumu alikuwa mama mmoja mnene aliyemwita kila mtu kipenzi. Nyama ilikuja laini, ukiigusa kwa uma inaachana yenyewe. Baba akakata, akatafuna, akakohoa, akaisukuma sahani.

Nikachoka. Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba yeye hapendezwi na chochote, kwamba hata kutoka kwetu alituhamisha kwa kutoridhika huko huko, na kwamba nataka kurudi. Yule mhudumu alisimama na birika lake la maji mkononi. Baba hakunikemea.

"Kweli, ni laini," alisema. "Tatizo si nyama, Lina."

Nadhani angeendelea, kama ningeuliza. Mimi nikashughulika na njegere zangu. Mwishowe akasema, "Usimwambie Mama kwamba sikula. Ana kazi nyingi."

Jioni Mama alirudi, na kabla hata ya kuvua koti akaja chumbani kwangu. "Baba yako amekula leo?"

"Amekula yote," nikajibu. Nilijibu kwa Kiswahili, ili aniamini.

"Vizuri," akasema, akabaki amesimama pale mlangoni, skafu mkononi.

Baada ya Krismasi Baba alishindwa kumeza hata uji. Hospitali wakakuta uvimbe kwenye njia ya chakula, wakauliza ulianza lini kumsumbua. Hakuna aliyejibu. Alifariki Mei, shule haijafungwa. Mimi nikaenda kwenye mazishi na hesabu yangu ya kitoto: laiti ningesema neno moja mwezi wa Novemba.

Hesabu hiyo niliibeba miaka kumi na tisa. Mwaka jana, nikimsaidia Mama kukunja mashuka, nikamwambia kwamba Baba hakuwa akila. Nilidhani ataketi chini. Aliendelea kukunja.

"Najua," akasema. "Leso zake nani alikuwa anafua? Na kazini kwangu wazee wasioweza kumeza nilikuwa nao kila siku. Kile kikohozi nilikijua."

"Sasa mbona uliniuliza?"

"Ili uniambie amekula." Alinyoosha pembe za shuka mpaka zikalingana. "Nilimwomba mara moja tu aende hospitali, akakataa. Sikurudia. Niliogopa kuambiwa. Kila Jumapili ulinipa wiki moja nyingine."

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba wakubwa wakinyamaza ni kwa sababu wanajua la kufanya. Sasa naona tulikuwa watatu wenye hofu katika nyumba mpya, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile, na kwamba kati yetu mimi ndiye pekee niliyekuwa na udhuru, kwa kuwa nilikuwa mtoto. Ningepaswa kupata nafuu. Badala yake nilikasirika, nikatoka kwenda kusimama roshanini bila koti, kwa sababu sikujua nimsamehe au nimwombe msamaha. Mama naye hakunifuata. Mpaka leo hatujajua nani aanze.