Inchi Mbili za Kiuno

Mdogo wangu alizaliwa mimi nikiwa na miaka sita, na tangu siku alipoletwa nyumbani sikuwahi kutazamwa tena na mtu aliyeingia mlangoni kwetu. Wageni waliokuja kumwona mtoto walimwita Kisura, jina likamganda. Mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na mkate mkononi wakaniita Bonge, nalo likaniganda. Wazazi waliyatumia majina hayo kwa mapenzi kabisa. Mama alikuwa akiita kutoka jikoni, "Bonge, mwite Kisura mje mle," na hakuna aliyeona neno.

Tulikua hivyo. Mimi nikajifunza kushona, nikapata chumba cha kupanga kando ya barabara, nikaweka cherehani mbili na pazia la kujaribia nguo. Yeye alimaliza masomo akapata kazi ya mapokezi katika ofisi ya bima. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele na kutabasamu. Yangu ilikuwa kuinama, mdomo umejaa pini. Alikuwa na mwili mzuri wa mtu anayekula akashiba, na kitambaa cha bei ya chini kikimkaa yeye kiligeuka cha bei ya juu. Watu walimsifu gauni wakimtazama usoni. Aliyelishona hakuulizwa.

Roho iliniuma, na siwezi kulipamba neno lenyewe. Ni wivu. Wala si ule wa kutaniana, bali ule wa kumtazama mtu akicheka ukatamani jino limuume.

Binamu yetu alipoolewa, nilipewa kushona magauni ya wapambe sita, Kisura akiwa mmoja wao. Walikuja dukani wote kupimwa, mama akiwa nao, na shangazi yetu akaja kusimamia, kama anavyosimamia kila kitu asichoombwa. Nilipokuwa nazungusha futi kiunoni mwa Kisura, shangazi akasema, "Huyu tumvike gunia. La sivyo nani atamwangalia bibi harusi?" Walicheka wote. Mama alicheka kuliko wote, akampapasa mwanawe shavu. Kisha shangazi akanigeukia, "Na wewe Bonge, utajishonea nini, hema?" Mama akacheka tena.

Niliandika kipimo cha Kisura daftarini kama kilivyokuwa. Lakini nilipokata, nilipunguza inchi mbili kiunoni. Fundi yeyote huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili nguo ikibana ifunguliwe kidogo. Mimi nilikikata chote, nikakitupa. Nikamwambia Kisura hakuna muda wa kujaribu, atalivaa siku yenyewe.

Asubuhi ya harusi, chumbani mlijaa wanawake. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikagoma. Kisura akavuta pumzi. Wawili wakaja kusaidia, mmoja akibana, mwingine akivuta. Shangazi akasema, "Mwanangu, umekula nini wewe? Umefutuka." Kicheko kikapita chumba kizima.

Kisura akanitafuta kwa macho. "Dada, hukukosea vipimo?"

Nilitoa pini mdomoni, moja moja, taratibu. "Vipimo ni vilevile. Mwili wako ndio umebadilika."

Uso ulimshuka. Alijifunika mtandio mgongoni, akakaa viti vya nyuma, hakucheza hata wimbo mmoja. Mimi nilicheza mpaka viatu vikanibana.

Nilitarajia atanuna wiki moja yaishe. Hayakuisha. Aliacha sukari, kisha mkate. Chakula cha jioni akawa anasema amekula ofisini. Baada ya miezi miwili alikuja dukani na sketi tatu za kupunguza. Na huwezi kuamini, alikuwa amependeza. Nilikuwa nimemchimbia shimo, naye akatoka humo mrembo zaidi. Wateja wangu walimwuliza siri yake, palepale mbele yangu. Mmoja akanigeukia akasema, "Na wewe fundi, ungemwiga mdogo wako." Nilijikaza kisabuni, nikacheka nao.

Nikamwiga kweli. Niliamka nikaapa sitakula mpaka jioni. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nyuma ya pazia la kujaribia, nimejificha ndani ya duka langu mwenyewe, natafuna mkate huku mteja akigonga meza akiuliza kama kuna mtu.

Kisura alizidi kuja. Kila mwezi sketi, kila mwezi blauzi. Wengine nyumbani walimwona akiwa amevaa, na alivaa nguo mbili juu ya nyingine hata saa sita za jua kali. Mimi nilimwona bila hizo. Ngozi chini ya futi yangu ilikuwa ya baridi. Nywele zake zilibaki kwenye kola. Aliniomba nimpime mara mbili, mara tatu, na kama kiuno hakikupungua alikaa kama mtu aliyepewa habari za msiba. Nilikuwa naona, na nilikuwa najua. Lakini kilichonipanda moyoni, Mungu anisamehe, kilikuwa kilekile. Nilisema ndani yangu, huyu hata kwa kujitesa ananishinda. Nikampima, nikaandika, nikapunguza.

Siku alipoanguka ofisini, walitupigia simu tumkute hospitali. Daktari alisema moyo unapiga polepole mno na chumvi za damu zimevurugika, na hedhi ilikuwa imekoma zamani bila yeye kumwambia mtu. Alilazwa wiki tatu. Mama alimfokea muuguzi, "Huyu haumwi, ni mapozi ya wasichana wa ofisini. Njaa ikimuuma atakula."

Aliyemjibu mama alikuwa mshauri wa pale, mwanamume mpole mwenye viatu vikubwa kuliko mwili wake. Alituketisha mimi, mama na baba, akatueleza kwamba huu ni ugonjwa, tena unaua, na mgonjwa hawezi kuuacha kwa kuambiwa ale. Njaa ya muda mrefu inavuruga hata akili, kiasi kwamba anachokiona kwenye kioo siyo tunachokiona sisi. Alitupa masharti. Milo mitatu na vitafunio viwili, kwa saa zilezile. Mtu aketi naye, ale chakula hichohicho, wazungumze mambo mengine. Asibembelezwe, asitishwe. Baada ya kula asiachwe peke yake kwa saa nzima. Mizani itolewe nyumbani. Pasiwe na neno kuhusu mwili wa mtu yeyote, liwe la kusifu au la kukosoa.

"Na yale majina ninayosikia mkiitana yaachwe," akamalizia.

"Majina gani?" mama akauliza.

"Yote mawili," alisema, akinitazama mimi.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema hivyo. Nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Ikaja hoja ya mlo wa mchana, maana baba na mama walishinda kazini na daktari alikuwa amempa mdogo wangu likizo. Yeye mwenyewe akasema, kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki ndogo, "Nitakula na dada. Wengine wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Dada hajawahi kunidanganya."

Mama alifuta machozi. Nilitamani sakafu inimeze.

Basi akawa anakuja dukani kila siku saa saba. Naweka kando vitambaa, natandika gazeti juu ya meza ya kukatia, napakua wali, maharage na yai, sahani mbili zilizolingana. Sahani moja ilimchukua saa nzima na zaidi. Alikata yai vipande vidogo, akavipanga, akavipangua. Mimi nilizungumza kuhusu wateja, kuhusu bei ya uzi, kuhusu yule bwana aliyeleta suruali ya kupunguza akaikataa kwa sababu imepungua. Mara nyingine alicheka, akameza bila kukusudia.

Ningependa kusema kwamba wivu ulikuwa umekwisha. Haukuwa umekwisha. Mama alipitia dukani na maziwa, ndizi, mayai, vyote vya mdogo wangu. Baba, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kukanyaga pale, alikuja siku tatu mfululizo kuuliza kama mtoto amekula. Alikaa kwenye kiti changu, na hakuuliza hata hizi cherehani ni zangu au za kukodi. Nikawa natumbukiza kijiko maharageni nikiwaza, mimi ningelazimika kuugua nini ili huyu mzee aje?

Wiki sita zilipita, uzito wake haukupanda. Hospitali walimpima akiwa ameipa mizani mgongo, wakatuita pembeni wakasema akishuka kidogo tu atalazwa tena, na safari hiyo moyo wake hauna uhakika. Siku iliyofuata aliweka kijiko chini baada ya tonge la nne.

"Dada, wote wanasema macho yangu yananidanganya," akasema. "Sawa, nakubali. Lakini ile siku ya harusi sikutazama kioo. Gauni lilikatwa kwa kipimo cha futi likagoma, na wewe ukasema mwili umebadilika. Kila nikishika kijiko naiona ile zipu. Futi haiwezi kuugua."

Nilipaswa kusema wakati huohuo. Nilimwambia ale, chakula kinapoa.

Kesho yake asubuhi nilifunga duka nikaenda kwa mshauri. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, nikitazama viatu vyake. Hakunikemea. Alisema ugonjwa huu hauletwi na gauni moja, wengi wanabanwa na nguo wasiugue, na kwamba huenda ulikuwa umemnyemelea mdogo wangu tangu utotoni, kwa kuambiwa kila siku kuwa sura ndiyo mali yake.

"Kwa hiyo usijipe ukubwa huo," akasema.

Nitakuwa mkweli. Hata hapo palinichoma. Nimefanya kosa moja kubwa maishani, na bado nikanyimwa nafasi ya kwanza.

"Lakini ameushikilia uongo akidhani ni ushahidi," mshauri akaendelea, "na anayejua kuwa ni uongo ni wewe peke yako."

"Nikimwambia atanichukia."

"Huenda."

"Na akigoma kula kabisa?"

"Mwambie akishamaliza mlo, si kabla. Mimi nitakuwa karibu na simu, na mama yenu nitamwandaa. Usimwambie ili wewe upate nafuu. Mwambie kilichotokea, basi."

Mchana huo alimaliza saa nane na nusu. Nilisubiri kijiko cha mwisho. Kisha nikamwambia kipimo nilichoandika, na kipimo nilichokata.

Aliisukuma sahani kando. "Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilikusudia."

"Hata ile akiba ya mshono?"

"Niliikata."

"Kwa nini?"

"Wivu. Nimekuonea wivu tangu ulipozaliwa."

"Halafu nikawa nakuletea sketi."

"Ndiyo."

"Ukawa unanipima."

"Ndiyo."

Alisimama, akachukua mkoba wake. Hakupiga kelele. Nilimkumbusha ile saa moja ya kutoachwa peke yake, nikaona nilivyo mjinga. Aliondoka akielekea nyumbani kwa miguu, nami nikamfuata kwa mbali mpaka mama alipomfungulia mlango.

Siku tatu hakuja. Mama aliomba ruhusa kazini akala naye, na aliniambia kwenye simu kwamba anakula akigonga sahani kwa kijiko kama anayepigilia msumari, na haongei. Nilipouliza kama amenitaja, mama akakata simu. Nilimpigia mshauri. Alisema mdogo wangu ana hasira, tena kali. "Kwa miezi yote hii hasira yake ilikuwa juu ya tumbo lake tu. Sasa imepata pengine pa kwenda. Mwachie."

Siku ya nne, saa saba kasorobo, nilitandika gazeti nikapakua sahani mbili. Nilimwona akija kwa ile njia yake ya kila siku. Alifika usawa wa mlango wangu, akapita bila kugeuza shingo. Akavuka barabara, akaingia kwa mama muuza vitambaa, yule ninayenunua kwake bitana na vifungo, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika mpaka kituo cha basi. Kumbe walikuwa wamekubaliana tangu jana yake, na mshauri alikuwa ameshampa masharti.

Nilisimama dirishani na chaki mkononi. Waliketi kati ya majora, sahani mapajani. Mama yule alikuwa akisimulia jambo kwa mikono yote miwili, na mdogo wangu alikuwa akila huku akimsikiliza. Hakukata vipande, hakupanga. Ilipofika saa saba na nusu sahani ilikuwa tupu. Kwangu hakuwahi kumaliza kwa nusu saa hata siku moja. Halafu akacheka kwa jambo aliloambiwa, akanyoosha mkono, akachukua kiazi kutoka sahani ya yule mama bila kuombwa na mtu.

Nimemwonea mdogo wangu wivu kwa sura yake, kwa kiuno chake, kwa kicheko cha mama, kwa kiti alichokalia baba. Siku ile sikumwonea yeye. Nilimwonea yule mama aliyeketi mbele yake. Nilitaka kuvuka barabara nikaombe msamaha mara ya pili, mbele ya watu wote, hata kwa magoti. Sikuvuka, kwa sababu alikuwa bado anakula.