Hodi Mahameni

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba Babu Jumbe, baba yake bibi yangu, alikuwa bado anaishi mahali fulani katikati ya mkonge, na kwamba katika maneno yote ya duniani alibakiwa na moja tu: karibuni. Nililisikia kwa masikio yangu haya. Watu wakinicheka nawaacha wacheke, maana wao hawakuwepo.

Tulikuwa tunakaa Visiga, mimi, mama na bibi. Kila mwaka, mahindi yakishaingia ndani, bibi alinichukua kwenda mahameni, yaani pale kilipokuwa kijiji chao kabla hawajahamishwa. Ni upande wa Kisarawe, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Kwanza unapita mashamba ya watu, halafu vichaka, halafu mkonge mpaka macho yanachoka. Shamba lenyewe lilikuwa limeshakufa zamani, mitambo imeshikwa na kutu, lakini mkonge ulikuwa bado umesimama kwenye mistari yake na miba yake, unatuchana magauni.

"Tembea, mke mwenzangu," bibi aliniambia kila nilipoanza kulalamika miguu. "Mume wetu akikuona unavyojikokota hivyo atakuacha."

Mume mwenyewe, babu yangu, alifariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo tishio halikunipa shida. Nilimjibu kwamba akiniacha ndiyo nafuu, nitapumzika. Bibi alicheka kicheko chake cha puani na tukaendelea na safari.

Katikati ya mkonge ule ulisimama mnazi mmoja, mrefu, umepinda kidogo kiunoni. Chini yake ndipo kilipozikwa kitovu cha bibi, siku mnazi wenyewe ulipopandwa. Sisi watu wa Pwani ardhi tunaihesabu mbali na mti tunauhesabu mbali. Mtu anaweza kuwa na minazi yake kwenye uwanja wa mwenzake na pasiwe na ugomvi wowote. Mzungu wa mkonge hakuwa na habari hiyo. Alipopewa ardhi alijua amepewa na kila kilichosimama juu yake, akakata minazi ya watu. Huu mmoja ukasalimika, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Wao walichukua udongo," bibi alikuwa akisema. "Mnazi ni wangu."

Kabla ya kuufikia, palikuwa na mahali ambapo bibi alisimama na kuvua kandambili. Mimi sikuona kitu pale, majani tu. Yeye alikuwa anaona mlango. Akaita, "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Desturi unaijua, hodi ya tatu usipoitikiwa unageuza unarudi kwenu. Hapo nilikuwa nabana pumzi, maana baada ya ile safari yote, kurudi bila kuingia! Bibi akaita ya tatu, amenipa mgongo. Na kila mara, baada ya kitambo kidogo, sauti nzito iliyokwaruza ikaitika kutoka mbele: "Karibuni."

Ndipo tukaingia. Bibi alimwaga maji na unga kidogo shinani, akanena maneno ya Kizaramo polepole, kisha akakaa muda mrefu akijifuta macho kwa pindo la khanga.

"Bibi, unalia nini?"

"Nimekumbuka nyumbani."

"Si ndiyo tumeshafika?"

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana."

Habari za Babu Jumbe nilizipata kwa vipande, njiani. Alikuwa jumbe wa kijiji enzi za ukoloni, mtu aliyewekwa katikati: serikali inamtuma kwa watu, watu nao wanamtuma kwa serikali. Amri ilipokuja kwamba wahame, wote walimtazama yeye. Alikwenda bomani kwa miguu kuomba, akarudishwa. Akaenda tena, akarudishwa kwa maneno yale yale. Mwisho akasimama mbele ya watu wake akawaambia wabomoe mapaa wenyewe wabebe miti yao, kabla hawajaja askari na moto. Yeye alitoka wa mwisho. Kule walikohamia kuna waliomwita "aliyetutoa," naye akaacha kukaa barazani na wenzake. Mimi hadithi hii inaniuma mpaka leo, kwa sababu mzungu mwenyewe hakuna aliyemkumbuka hata jina, lakini jumbe walimkumbuka.

"Hakufa kwa maradhi," bibi alisema. "Alikufa kwa aibu isiyokuwa yake."

Nikimuuliza alizikwa wapi, alijibu, "Amelala pazuri," na kunihimiza nitembee.

Sasa mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, tulifika tukakuta mkonge umefyekwa uwanja mzima. Mnazi ulikuwa bado umesimama. Kivulini mwake alikaa mwanamume juu ya kigoda, na pembeni kijana ananoa shoka. Nilimwangalia bibi nikaona uso wake umebadilika kabisa. Lakini hakupiga kelele. Alifika mahali pake, akavua kandambili, akaita, "Hodi!"

Yule mwanamume akageuka huku na huku kutafuta mlango.

"Karibu, mama," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Toka chini ya mnazi wangu."

Alikuwa Mchaga anayeishi Mkuza. Baadaye tulimzoea kwa jina la Baba Neema. Alieleza kwa upole kwamba kiwanja amenunua kihalali, mti unakatwa leo, na nyumba itakaa hapo hapo.

"Nimesikia," bibi akasema. "Lakini toka hapo. Nazi ina macho. Wewe haikujui, hukupiga hodi."

Kijana wa shoka akaangua kicheko. Baba Neema hakucheka, ila nilimwona anajikaza midomo.

"Haya, mama, tusibishane umesimama juani, mtu mzima kama wewe. Njoo ukae wewe." Akanyanyuka, akakifuta kigoda kwa kiganja, akatembea kuja kumshika bibi mkono.

Puu! Nazi ilishuka nyuma yake. Kigoda kikapasuka vipande viwili.

"Mimi simo!" kijana akasema. Akaondoka bila hata kugeuka, na shoka akaliacha pale pale. Nasikia alifika Kongowe bado anatembea mbio mbio.

Baba Neema alikitazama kigoda, akautazama mnazi, akamtazama bibi. "Mama," akasema, na sauti imempungua, "huu mti una nini?"

Bibi alikaa chini pale pale.

"Una baba yangu," akasema.

Mambo aliyoyasema hapo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yangu. Babu Jumbe aliomba akifa arudishwe hapo, na shamba lilikuwa limekataza maziko. Basi walimfunga kwenye mkeka, wakampitisha alfajiri katikati ya mkonge kama watu wanaobeba kuni. Mnyapara aliwaona. Alikuwa mtu wa kwao, akawapa mgongo mpaka walipomaliza. Hawakuacha tuta wala alama. Walisawazisha, wakarudishia miche ya mkonge juu yake, wakaenda zao.

"Waliombeba wamekwisha wote," bibi akasema. "Nimebaki mimi. Ukiukata huu, hakuna atakayejua alipo. Mimi nitapiga hodi wapi?"

Baba Neema alivua kofia.

"Kwetu Moshi," akasema, "mtu akifia huku Pwani tunamsafirisha mpaka kihambani, shambani kwa ukoo wake, akalale na baba zake. Hata tukiwa hatuna kitu tunamsafirisha. Sasa mimi nitakukatia wewe mti kwa mdomo gani, mama? Nyumba nitaisogeza."

Akainama akaiokota nazi, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi akakataa. "Usiikune hiyo. Iache iote, uipande wewe."

Njiani bibi alirudi kuwa bibi. "Imemwona ana adabu," akaniambia. "Angebaki amekaa, saa hizi tungekuwa tunazungumza mengine."

Wanangu mimi huwaambia ilikuwa nazi kavu iliyofika siku yake, na upepo ulikuwepo. Nawaambia hivyo mchana kweupe nikiwa na akili zangu timamu. Lakini chini ya mnazi sikai mpaka leo.

Bibi aliendelea kwenda mpaka magoti yakamkatalia. Mwaka wake wa mwisho alinituma peke yangu, nikiwa msichana mkubwa. Wenye nyumba walikuwa wamesafiri. Nilivua viatu, nikapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasubiri. Hakuna aliyeitika. Nilisimama pale kama mjinga, ndipo nikatambua sauti ile ilikuwa ya nani miaka yote. Nikarudi Visiga nimekasirika.

"Hakuitika," nikamwambia bibi kitandani kwake.

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi ni zamu yako, mke mwenzangu."

Bibi amekwenda, na mnazi wake ulikatika kichwa masika yaliyofuata. Uliopo sasa ni ule alioupanda Baba Neema pale pale ubavuni mwake, naye pia hayupo tena. Nyumba anakaa Neema na watoto wake. Mwaka huu nilikwenda na mjukuu wangu. Nilivua viatu nje ya geti, nikaita hodi, na mtoto mdogo akachungulia, akapiga kelele kwenda ndani, "Mama, kuna wageni!"

Hana kosa. Neema alitupokea vizuri, akatupa maji, akatuacha wenyewe uani. Lakini neno lile lilinikaa kooni, mgeni, mimi, juu ya kaburi la baba yake bibi yangu. Nikausogelea mnazi. Nikaita hodi kwa sauti ya chini mara tatu, mjukuu wangu amenishika khanga kwa nyuma, kisha nikaitika mwenyewe: karibuni. Ilitoka nzito, imekwaruza, ile ile. Siku zote nilikuwa nadhani bibi alikuwa anaigiza sauti ya mwanamume. Kumbe alikuwa hawezi kulitamka neno lile bila kulia.